Miche Tuliyoipanda Kwenye Malka

Garsen,
Jumatano, alasiri

Dada yangu Mwanamisi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Vanga, wewe na mama na wote mliomo nyumbani. Goti la mama linaendeleaje? Je, ameacha kujitwika ndoo, au anangoja mpaka ukiwa shuleni ndipo anajitwika? Na wanao, kile kikohozi kimekwisha? Mimi mwili ni mzima. Nimepungua kidogo kwa joto la huku, lakini si la kuwatia wasiwasi.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nisamehe. Nikikupigia, unaweka sauti kubwa ili mama asikie, shangazi naye anasogea, na jirani akipita anasimama kunisalimu. Nikikata simu, mtaa mzima unajua nimekula nini. Haya ninayokuandikia leo sitaki yasikike hivyo. Isome kwanza peke yako, halafu uamue mwenyewe mama aambiwe kiasi gani.

Nianze na kazi yangu, maana nasikia kule harusini mliwaambia watu kuwa mimi ni afisa wa mazingira. Dada, mimi ni karani. Kikundi chetu ni cha watu wa hapa wanaotunza mto na misitu yake, na ofisi ni vyumba viwili nyuma ya duka la nafaka. Kila Jumamosi wanachama hutoka, na mimi hutoka nao na daftari. Wakihesabu ndege, naandika ndege. Wakikata mathenge, ule mti wa miiba unaomeza malisho, naandika tumekata kuanzia wapi hadi wapi. Wakipanda miche, naandika ya aina gani, na nani alikuja, na nani alisema nini. Jumatatu nayachapa yote, natia sahihi, naweka kwenye faili. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu tu, hutia yake chini ya yangu.

Sitakudanganya, mwanzoni nilizipenda sana zile Jumamosi. Tulikuwa tukitoka asubuhi kukiwa bado na ubaridi, tukifuata ukingo wa mto, na vijana wa sekondari nyuma yetu wakibishana kama yule ni mnandi au korongo. Mama Hamesa, mkulima wa kijiji cha Wema anayetunza kitalu chetu cha miche, ndiye aliyekuwa akinifundisha. Siku ya kwanza niliona kitu kirefu cheusi kimelala mchangani nikarudi nyuma hatua tatu.

"Karani, unakimbia gogo?" akasema.

Watu wakacheka. Lile gogo nalo likateleza likaingia majini. Mama Hamesa akanitazama, akasema, "Basi, leo gogo limekusaidia. Kesho usilingoje liamke." Tangu siku hiyo vijana huniita Karani wa Magogo. Sikuchukia. Nilijiona nimepata watu.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, na uniwie radhi kama naenda polepole. Nataka ulielewe sawasawa.

Wafadhili wa kikundi waliandika kuwa watatusaidia tukipata kipande cha ardhi kilichoharibika karibu na mto, tukirudishie miti. Mwalimu akanichukua tukaenda kutafuta, yeye na mimi tu. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Tulipita shamba baada ya shamba, mahindi hapa, migomba pale, mpaka tukafika mahali ambapo mashamba yanaachana. Katikati kuna ukanda mtupu, mpana kama uwanja wa shule, unaoshuka moja kwa moja hadi majini. Hauna mti, hauna kichaka. Ardhi yake ni ngumu kama sakafu, na majani machanga ndiyo kwanza yanachomoza kwa ile mvua. Huku na huku kuna miti mikubwa.

Mimi ndiye niliyesema. Naomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma. Hakuna aliyeniuliza. Nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, si hapa? Pameharibika kabisa." Naye akanipiga bega akasema kumbe jicho ninalo.

Dada, palikuwa ni malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Wafugaji na wakulima wa huku wamekubaliana tangu zamani kuiacha wazi kati ya mashamba, ili ng'ombe wapate maji bila kukanyaga mazao ya mtu. Ni tupu kwa sababu kila kiangazi maelfu ya kwato hupita pale. Sisi tuliiona wakati wa mvua, ambapo Waorma, ndio wafugaji wenyewe, wamehamisha ng'ombe kwenda mbali kwenye malisho. Ungekuwa wewe, uliyezaliwa kwetu, ambako ng'ombe watatu ni kundi, ungejuaje? Lakini Mwalimu amezaliwa hapa. Hilo nalifikiria kila siku.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na wanachama kupima mashimo. Mama Hamesa alipofika akasimama tu na jembe lake.

"Mwalimu," akasema, "hapa ni malka."

"Ilikuwa malka," Mwalimu akajibu. "Unaona ng'ombe wangapi?"

"Unaona mvua au huoni? Watakuja wapi sasa hivi? Mkipanda hapa mnawapandia ng'ombe chakula, na mimi miche yangu sikuilea iwe chakula cha ng'ombe."

Wakati wanabishana, akaja Mzee Dulo. Ni mfugaji ambaye boma lake liko upande wa pili wa barabara, na alikuwa amebaki na ng'ombe wachache wa maziwa. Hakumwendea Mwalimu. Alinijia mimi, kwa sababu ya daftari.

"Wewe ndiyo unaandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Andika. Hapa ni malka. Ng'ombe ya baba yangu ilipita hapa. Yangu inapita hapa. Mimi Dulo nimekataa miti hapa. Umeandika?"

Niliandika. Alisimama akiitazama kalamu mpaka ikakoma, kisha akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono, akaenda zake. Aliondoka na amani kabisa, Dada, kama mtu aliyefunga mlango kwa ufunguo.

Jumatatu niliyachapa kama yalivyosemwa. Mwalimu akasoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Rashidi, hii ni kumbukumbu au ni hadithi? Toa yasiyo ya lazima."

"Yapi, Mwalimu?"

"Haya ya Dulo, na ya Hamesa. Andika wazee wa eneo walishirikishwa wakaafiki. Wafadhili hawawezi kusoma ugomvi."

"Lakini Mwalimu, mzee alisema..."

"Mzee atakuja kuelewa miti ikitoa kivuli. Au unataka mradi uende kwingine, na wewe pia uende kwingine?"

Alisema kwa upole, akitabasamu. Nilichapa upya. Ilikuwa mistari miwili tu. Nikatia sahihi. Halafu akasema karatasi mbili za kikao kimoja ni fujo ofisini, nikalichana lile jani la daftari kwa mikono yangu mwenyewe, vipande vidogo vidogo, nikavitia kwenye pipa. Hakunisimamia. Alikuwa ameshatoka kwenda kunywa chai.

Siku ya kupanda ilikuwa sherehe. Fulana za kijani, wanafunzi wakiimba, wageni na kamera zao. Tulipanda mikuyu, mikwaju na miarobaini, kuanzia juu hadi karibu na maji, mistari iliyonyooka. Mama Hamesa alileta miche kwa mkokoteni, akaikabidhi, akakaa chini pembeni. Mgeni mmoja akamwuliza mbona hapandi. Akasema mgongo unamuuma. Mwalimu akacheka. Mimi niliandika kwamba wanachama wote walishiriki.

Halafu mvua ikakatika, jua likawaka, na ng'ombe wakarudi. Hawakuja kwa hasira wala kwa kutumwa. Walikuja kwa kiu, kwa njia wanayoijua, na ng'ombe aliyenusa maji hasomi kibao. Asubuhi moja tulikuta miche imelala yote. Mingine haikuonekana kabisa, ilikuwa ni vumbi na samadi.

Mwalimu alimpelekea chifu habari kuwa Dulo na wenzake wameharibu mali ya umma makusudi. Baraza likaitwa. Watu walijaa, wakulima upande huu na wafugaji upande ule, kila mtu na fimbo yake. Mwalimu akasema yake. Mzee Dulo akasimama akasema maneno machache tu.

"Mimi nilikataa mbele ya watu. Kijana yule aliandika. Alinisomea. Msome."

Aliponinyooshea kidole alikuwa karibu kutabasamu, Dada. Aliniona mimi ni shahidi wake.

Chifu akaniambia nisome. Nilikuwa na faili mapajani. Nilisimama nikasoma kile kilichokuwamo: kwamba wazee wa eneo walishirikishwa na wakaafiki. Mama Hamesa akasema kwa sauti, "Ewe mtoto!" Chifu akamwambia anyamaze, zamu yake bado. Na zamu yake haikufika.

Mzee Dulo akasema, "Soma tena. Pengine umeruka."

Nikasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

Akakaa chini. Akawaambia wenzake kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Mimi kila siku nasikitika sijui kusoma. Leo sisikitiki."

Wengine wakacheka kicheko kibaya. Mimi niliketi nikaliangalia faili kama mtu anayetafuta kitu.

Iliamuliwa ukanda uzungushiwe seng'enge mpaka miti ikomae, na wafugaji watumie malka nyingine iliyo mbali kuelekea juu ya mto. Kwa maneno, ni jambo dogo. Kwa ng'ombe aliyekonda, ni safari ya kutwa. Na ile malka nyingine ukingo wake umesimama. Siku ya tano mtamba wa Mzee Dulo aliteleza akakwama kwenye tope, na walipofika na kamba mamba walikuwa wameshafika. Mkewe alilia sokoni, mbele za watu. Nilikuwa nanunua nyanya, nikaziacha juu ya meza nikaondoka.

Lakini hilo silo linalonitia hofu zaidi. Ili wafike kule, ng'ombe sasa wanapita kando ya mashamba ya Wema, na wengine hawapiti kando. Wiki iliyopita waliingia kwenye mahindi ya Mama Hamesa. Yeye, Dada, aliyewatetea! Alikuja ofisini akiwa na mabua mkononi, akayaweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu.

"Karani wa Magogo," akasema. "Umeniletea ng'ombe shambani kwa kalamu."

"Mama, nisamehe."

"Mimi nitapanda tena. Wanangu wa kiume ndio hawataki kupanda tena. Wanakaa na wenzao, wananong'ona. Nikiingia wananyamaza. Na upande wa pili wananong'ona vilevile. Wewe ni mgeni, hujui hapa watu wamewahi kuzikana kwa ajili ya maji. Mimi najua, kwa sababu nimezika."

Akaenda. Tangu siku ile sili vizuri. Kila nikisikia watu wanapaza sauti barabarani nasimama dirishani kuangalia kama ni ugomvi au ni biashara. Nikiona vijana watatu wamesimama pamoja nahesabu fimbo zao. Ninajua mistari yangu miwili ndiyo iliyowafikisha hapo, na hakuna mwingine anayejua vizuri kama mimi, isipokuwa Mwalimu, naye analala usingizi wake.

Nilimwendea. Nilimwomba turekebishe kumbukumbu, ng'ombe wapate njia yao. Akaninong'oneza kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Nani alichapa?"

"Mimi."

"Sahihi ya kwanza ni ya nani?"

"Yangu."

"Na nani aliyesema pameharibika, akanyoosha mkono?"

Nikautazama mkono wangu.

"Basi mwanangu, kaa kimya ufanye kazi. Mimi hapa ni nyumbani, nitasamehewa. Wewe watakusamehe kwa lipi?"

Dada, nilirudi kwenye kiti changu nikachapa orodha ya ndege wa Jumamosi. Hivyo ndivyo nilivyo. Wewe uliyenifundisha kushika kalamu pale sebuleni, ukinipiga kwenye vifundo herufi zikipinda, sijui ulifikiri unalea mtu wa namna gani. Mwandiko ni mzuri, kila mtu anausifu.

Jana nilikwenda kwa chifu peke yangu. Nilizunguka ofisi yake mara mbili kabla ya kuingia. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, akatoa nakala ya kumbukumbu kutoka kwenye kabati lake, akaiweka mbele yangu.

"Hii sahihi si yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Mtu aliyedanganya siku ile nitajuaje hadanganyi leo?"

Jani la daftari nimelichana mwenyewe. Ushahidi wote dhidi yangu nimeuandika mimi, tena bila kosa hata moja la herufi. Nadhani aliona ninakaribia kulia, akalainika.

"Sikiliza, kijana. Mimi siwezi kufungua malka kwa maneno ya mdomo tu. Kesho kutwa nimewaita tena watu, kwa sababu haya ya mahindi yananitisha hata mimi. Andika unayoniambia, weka sahihi, usimame uyasome mbele ya walewale. Wakikuamini, seng'enge itatoka. Wasipokuamini, angalau nitakuwa na kitu mkononi."

Siku hiyo ndiyo kesho.

Nimeandika. Nimeandika nakala tatu kwa mkono, si kwa mashine: moja ya chifu, moja niliyoiambatisha na barua hii, na moja ambayo asubuhi ya leo nimempelekea Mzee Dulo bomani kwake. Sikutaka aisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Nilimkuta akimchongea ndama kwato. Hakuniambia nikae. Nilisimama juani nikamsomea tangu mwanzo hadi mwisho: kwamba ni mimi niliyeonyesha pale mahali, kwamba alikataa, kwamba niliandika kukataa kwake nikamsomea, kwamba niliyafuta maneno yake, kwamba barazani nilisoma uongo mara mbili. Sauti yangu ilikatika mahali, nikarudia. Mkewe alisimama kwenye mlango wa nyumba, akasikiliza na uso wake hakuugeuza.

Nilipomaliza nikampa karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku.

"Hii nayo," akaniuliza, "Jumatatu itakuwa imebadilika?"

"Haitabadilika, mzee."

"Hata ile uliniambia imeandikwa."

Alimpa mkewe karatasi, mkewe akaingia nayo ndani, naye akarudi kwa ndama wake. Nilipofika barabarani aliniita. Nikadhani ananisamehe. Akasema, "Kesho simama mahali nakuona uso."

Basi, Dada, hayo ndiyo mambo yangu. Mwenye basi la Mombasa ataondoka alfajiri na barua hii, kwa hiyo utakapoisoma nitakuwa nimeshasimama pale. Ninaogopa. Ninamwogopa Mwalimu, ninawaogopa wana wa Mama Hamesa, ninawaogopa vijana wa bomani, na zaidi ninaogopa kwamba nikifungua mdomo nitatafuta njia ya kuyapunguza yawe mistari miwili tena. Hiyo nakala iweke kabatini pamoja na vyeti vyangu. Kama nitakuambia kwa simu kwamba yote yalikwenda vizuri na kwamba nilisema kila kitu, ichukue unisomee, mstari kwa mstari, uniulize kama niliusema na huo. Wewe ndiye mtu pekee ambaye sijawahi kumdanganya akinibana kwa maswali.

Mnisalimie mama, umwambie sikohoi na ninakula. Mnisalimie shangazi Mwanakombo wa vitumbua na mjomba Hamadi fundi baiskeli, na shemeji akirudi kutoka kazini. Wape wanao pole ya kikohozi. Watu wa harusini waambie mimi ni karani.

Kazi hii sidhani kama itafika mwisho wa wiki. Ukiniona mlangoni na begi, nitandikie godoro kwanza. Usiniulize mbele ya mama.

Mdogo wako,
Rashidi